Unix kwenye kompyuta za mezani za miaka ya 80: nani aliizuia, mashine au bei?

#1 Baiti_Kumi
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua toka wiki iliyopita. Dogo mmoja tunafanya naye kazi kaniambia eti kompyuta za mwanzo za mezani, zile IBM PC za 1981 na XT ya 1983, hazikuweza kuendesha Unix (mfumo endeshi wa watu wengi na kazi nyingi) hata kidogo, kwamba Unix ilikuwa ya mashine kubwa za vyuoni mpaka Linus Torvalds alipokuja na Linux 1991 ndo watu wa kawaida wakaionja. Tumebishana mpaka soda zikapata moto.

Ninavyojua mimi XT ilikuwa na prosesa ya 8088 ya megahezi 4.77, diski ya megabaiti 10, na memori unaweza kuipandisha hadi kilobaiti 640. Sasa angalia Unix ilizaliwa wapi. Ken Thompson aliianza 1969 kwenye kompyuta ya PDP-7 ya kampuni ya DEC yenye maneno elfu nane tu ya memori, na PDP-11 waliyohamia pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu AT&T, ilikuwa na kilobaiti 24, yaani 16 za mfumo na 8 za programu ya mtumiaji, diski nusu megabaiti. XT ni tajiri mbele ya mashine iliyoizaa Unix! Kwa hiyo dai langu ni hili: mashine iliweza toka siku ya kwanza, kilichotunyima Unix majumbani ni bei na leseni za AT&T. Nikosoeni ila mje na hoja. Nawasilisha.

#2 MtuWaFlopi
Nimeweka kambi hapa, siondoki.

#3 Nahodha_K
Mkuu Baiti usimuonee dogo, ana hoja. 8088 haina ulinzi wa memori. Programu yoyote inaweza kuandika popote inapotaka, juu ya kerneli (kiini cha mfumo), juu ya programu ya jirani, popote. Unix ni mfumo wa watu wengi na kazi nyingi kwa wakati mmoja, sasa kama mtu mmoja akikosea pointa (anwani ya memori) kwenye lugha ya C mashine nzima inaganda, hiyo ni Unix kweli au ni jina tu? Ulinzi wa maana ulikuja na 80286, na mashine ya IBM yenye 286, ile AT, ilitoka 1984. Ukitaka na kurasa za memori (memori kugawanywa vipande vidogo) kama watu wazima inabidi usubiri 386 ya 1985. Kwa hiyo mashine ndo ilizuia.

#4 BintiKerneli
Nahodha uko sawa nusu. Ulinzi haukuwepo kweli, lakini 8088 ilikuwa na kitu watu wanakisahau, segimenti. Anwani inapatikana kwa kuchukua rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) ya segimenti, unazidisha kwa 16, halafu unajumlisha namba inayotoka kwenye programu. Kila segimenti mwisho wake kilobaiti 64. Sasa kompaila ya C ikitengeneza programu isiyogusa kabisa zile rejista, kodi inakaa kwenye segimenti yake na data kwenye yake, programu haijui imepakiwa wapi. Kerneli inaweza kuinyanyua yote ikaihamishia sehemu nyingine ya memori, au kuitupa kwenye diski na kuirudisha baadaye mahali tofauti, inabadilisha rejista tu basi kazi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Hiyo ndo iliyofanya fork (programu kujizalishia nakala) na kubadilishana kazi viwezekane kwenye XT bila kifaa chochote cha kusimamia memori.

Na hizo kilobaiti 64 za kodi na 64 za data hazikuwa tatizo kubwa unavyofikiri, kwa sababu PDP-11 yenyewe ilikuwa na kikomo hichohicho. Toleo la saba la Unix, la 1979, liliandikwa na watu waliozoea kubana. Ndo maana lilipohamishiwa 8086 liliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Ila hakuna kinachoizuia programu mbovu kuzibadilisha rejista kwa makusudi. Hapo nakubaliana na wewe.

#5 Nahodha_K
Asante dada kwa maelezo, la kuhamisha programu nilikuwa silijui hivyo. Ila umekubali mwenyewe, mlango hauna kufuli, ni heshima tu ya waliomo ndani. Mfumo wa watu wengi hauendeshwi kwa heshima.

#6 Baiti_Kumi
Nahodha mbona Unix yenyewe iliendeshwa kwa heshima miaka ya mwanzo? Ile PDP-11/20 nayo haikuwa na ulinzi wa memori. Dennis Ritchie, mwenzake Thompson, ameeleza vizuri kwamba 1971 idara ya hataza ya Bell Labs ilikuwa inachapa maombi yake kwenye mashine hiyohiyo waliyokuwa wanajaribia programu mpya, ikawa kila jaribio linahitaji uangalifu na ujasiri kwa sababu lingeweza kuangusha mfumo wote huku makarani wanaendelea kuchapa. Watu wengi, kazi moja ya kweli inayolipwa, ulinzi sifuri. Na hakuna anayesema ile haikuwa Unix.

#7 Mzee_Terminali
Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa karani wa hesabu Dar, 1988, sitataja ofisi. Tulikuwa na mashine moja ya 286, imewekwa kwenye kona ina kitambaa juu kama redio ya babu, ndani yake Xenix ya SCO, aina ya Unix. Kadi ya nyuma ina matundu mengi ya serial, nyaya zimepita juu ya dari zinashuka kwenye meza sita, kila meza terminali yake ya herufi za kijani. Terminali haina diski haina kitu, ni skrini na kibodi tu. Watu sita wanaingiza vocha kwa wakati mmoja kwenye mashine ambayo leo simu yako ya tochi huenda inaishinda.

Ilikuwa nzito? Ndiyo, hasa mwisho wa mwezi mtu mmoja akichapa ripoti ndefu wengine tunaangalia herufi zinakuja mojamoja. Lakini ilifanya kazi miaka yote niliyokuwa pale. Shida yetu kubwa haikuwa memori, ilikuwa umeme. Unix haiandiki kwenye diski papo hapo, inashika data kwenye memori kwanza halafu kila baada ya sekunde kama 30 inazimwaga. Umeme ukikatika katikati, basi. Asubuhi unawasha, inaanza fsck (programu ya kukagua diski), inakuuliza swali baada ya swali nawe unajibu y, y, y huku unaomba Mungu, ikimaliza unakuta kwenye folda ya lost+found mafaili yenye majina ya namba tupu, ukae ufungue moja moja ujue ipi ni leja ya nani. Nimewahi kukaa na hiyo kazi toka saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, bosi amesimama mlangoni.

#8 BintiKerneli
Shikamoo mzee. Hiyo ya lost+found imenigusa, sisi tunaisoma tu kwenye vitabu.

#9 Mzee_Terminali
Marahaba mwanangu.

#10 SautiYaZiwa
Kwa kumbukumbu tu wadau, Unix ya kwanza kwenye PC ilikuwa PC/IX ya IBM yenyewe, 1984. Ilitengenezwa na Interactive Systems, bei dola 900, flopi 19, na kitabu cha maelekezo kurasa 1,800. Ukimaliza kuiweka imekula karibu nusu ya ile diski ya megabaiti 10. Na ilikuwa ya mtumiaji mmoja tu! Kazi nyingi sawa, ila mtu mmoja. Baiti hapo dai lako la bei linapata nguvu, maana DOS, mfumo wa kawaida wa PC, ilianza kwa dola 40.

#11 ChapaKazi86
Sauti hapana, PC/IX haikuwa ya kwanza. Venix ya VenturCom ilikuwa imeshaingia kwenye XT kama mwaka mmoja kabla. SCO nao walitoa Xenix ya XT 1983. Na Coherent ya kampuni ya Mark Williams ilikuwa kwenye PC 1983 pia, ingawa ile si Unix ya AT&T kwa damu, ni mfumo ulioandikwa upya kufanana nayo.

Bei zote zikiwa za mamia ya dola nakubali. Ila angalia Coherent ilivyoshuka hadi dola 99 mwaka 1990 na bado haikuziingia nyumba nyingi. Kama bei ndo ilikuwa muuaji pekee, pale wangejaa.

#12 MtuWaFlopi
Flopi 19? Na ile ya 17 ndo inakataa kusoma. Najua maumivu hayo.

#13 SautiYaZiwa
Nimekubali kusahihishwa ChapaKazi, nilichanganya "ya kwanza ya IBM" na "ya kwanza". Hiyo Coherent iliandikwa upya kweli au walinakili?

#14 ChapaKazi86
Swali hilo AT&T nao walijiuliza, wakamtuma Dennis Ritchie mwenyewe akaangalie. Alieleza baadaye kwamba hakuona ushahidi kwamba kodi imenakiliwa, ila ilikuwa vigumu kuamini kwamba waliiandika bila kuisoma Unix kwa kina. AT&T wakaachana nao. Na mwanzilishi wa kampuni ile, Robert Swartz, ndiye baba yake Aaron Swartz, yule mwanaharakati wa intaneti aliyefariki 2013. Kila nikikumbuka hilo nanyamaza kidogo.

#15 Kibodi_Kongwe
Nyote mnazungumzia 8088 na 286 kana kwamba dunia nzima ilikuwa IBM. Tandy Model 16 mmeisahau? Ile ilikuwa na 68000 ya kufanya kazi na Z80 pembeni inahudumia diski na kibodi. Mapema 1983 wakaanza kuitoa na Xenix, na 1984 Tandy ndiye aliyekuwa muuzaji mkubwa wa Unix kuliko wote. Siyo AT&T, siyo DEC, ni Tandy, kampuni yenye maduka ya redio na waya za spika! Wanunuzi ni maduka, madaktari, ofisi ndogo za Marekani. Kwa hiyo swali la Baiti lina tundu, Unix haikunyimwa watu, ilifika, ila ilifika ofisini kwa mlango wa nyuma na haikuandikwa jina lake mbele. Kama ile ya Mzee Terminali.

#16 Baiti_Kumi
Hilo la Tandy limenishtua, sikulijua. Lakini nilisema majumbani mkuu, siyo ofisini.

#17 Kibodi_Kongwe
Nyumbani nani alihitaji watumiaji sita? Baba, mama na paka? Unix ilikuwa inatatua shida ya kugawana mashine ghali. PC ilikuja na ahadi ya kinyume, kila mtu na yake. Mimi naona hapo ndo jibu, si prosesa wala dola.

#18 BintiKerneli
Kibodi hapo sikubali kabisa. Kazi nyingi kwa wakati mmoja hata mtu mmoja anazihitaji. Mtu wa DOS alikuwa akianza kuchapa barua ndefu anakaa anasubiri printa imalize, kwenye Unix unaiweka foleni unaendelea na mengine. Faida ilikuwepo, watu hawakuiona kwa sababu hawakuwahi kuikuta.

#19 Mwanagenzi_Tz
Mnisamehe mie mgeni kwenye mambo haya, kwani programu zenyewe zilikuwepo? Maana mtu hanunui mfumo, ananunua anachoenda kufanya.

#20 ChapaKazi86
Mwanagenzi umepiga msumari. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, ilitoka Januari 1983 ikawa ndo sababu ya watu kununua PC. Iliandikwa kwa lugha ya mashine na ilikuwa inaandika moja kwa moja kwenye memori ya skrini ili iwe na kasi, haipiti kwa mfumo. Programu ya tabia hiyo huwezi kuiweka kwenye Unix, inataka mashine nzima iwe yake. Unix nayo inasema hakuna anayegusa skrini ila kerneli. Basi mwenye biashara yake achague, Unix safi bila Lotus au DOS yenye Lotus. Alichagua Lotus. Nadhani hili ndo kubwa kuliko bei. Ilibidi 386 ije na ule uwezo wa kuigiza 8086 nyingi ndani yake ndipo zikatokea Merge/386 na VP/ix za kuendesha DOS ndani ya Unix, na wakati huo treni ilishaondoka.

#21 Pwani_Bit
Niko Mombasa, nimesoma hii maneno yote. Mbona hakuna anayemtaja Microsoft? Xenix ilikuwa YAO. Walichukua leseni kwa AT&T, wakaitangaza Agosti 1980, mwaka mzima kabla ya IBM PC kutoka. Hawakuruhusiwa kutumia jina Unix ndo wakaiita Xenix. Barua pepe zao za ndani zilikuwa zinapita kwenye Xenix miaka mingi. DOS 2.0 ya Machi 1983 imejaa vitu vya Unix, folda ndani ya folda, bomba la kuunganisha programu, alama za kuelekeza matokeo kwenye faili. Ule mkwaju wa kutenganisha folda umegeuka nyuma tu kwa sababu mkwaju wa mbele ulishachukuliwa na vikorombwezo vya amri kwenye DOS ya kwanza. Kila ukiandika C:\ unaandika kovu la Unix.

Halafu 1984 AT&T imevunjwa vipande na inaruhusiwa kuuza kompyuta na kuuza Unix yenyewe. Sasa wewe Microsoft utajenga nyumba yako kwenye kiwanja cha mshindani? Wakaenda na IBM kwenye mfumo mwingine, OS/2, Xenix wakaiachia SCO 1987. Mimi nasema Unix kwenye PC iliuawa siku ile AT&T ilipopata ruhusa ya kuiuza.

#22 Baiti_Kumi
Pwani hiyo ni hoja nzito, na kimsingi inarudi kwangu, leseni. Naihesabu upande wangu hahaha.

#23 Pwani_Bit
Hapana usinichukue bure. Wewe ulisema leseni ni ghali. Mimi nasema hata ingekuwa rahisi Microsoft wangeiacha, maana mwenye mali alikuwa mwingine. Hizo ni mbili tofauti.

#24 UziNaSindano
Jamani uzi mzima kuhusu Unix kwenye mashine ndogo na hakuna aliyeitaja UZI? Nawauliza kwa uchungu. UZI ni Unix ya Z80, aliiandika Douglas Braun miaka ya 80, kirefu chake ni Unix Z80 Implementation, ila sisi Mungu katupa jina letu. Z80 inafikia kilobaiti 64 tu jumla. Braun akazigawa mara mbili, kilobaiti 32 za juu kerneli, 32 za chini programu inayoendesha kazi sasa hivi. Moja tu! Ikifika zamu ya nyingine, iliyopo inaandikwa nzima kwenye diski na nyingine inaletwa nzima. Nahodha analia kuhusu ulinzi wa memori, hapa hata jirani wa kumvamia hayupo, amelala kwenye diski.

Na haikufa. Alan Cox, yule wa Linux, aliichukua akaanzisha FUZIX juu ya msingi wake, inaendeshwa kwenye Z80 na prosesa nyingine ndogo za zamani hadi leo.

#25 MtuWaFlopi
Uzi kuhusu UZI ndani ya uzi. Mod bandikeni huu juu.

#26 Nahodha_K
UziNaSindano umenichekesha ila umenipa jibu zuri kweli, jirani aliyelala kwenye diski hawezi kuumizwa. Nimekubali Unix iliwezekana. Ninachobaki nacho ni kwamba kuwezekana na kutumika kwa raha ni vitu viwili.

#27 Mwl_Sakiti
Nimechelewa ila nina kisa. Mimi Unix niliijulia kwenye Minix. Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit kule Amsterdam aliitoa 1987 pamoja na kitabu chake, kodi yote iko wazi, na aliilenga makusudi kwenye PC ya 8088 yenye kilobaiti 256 na flopi bila hata diski ngumu, ili mwanafunzi asiye na hela asikose. Nilipokuwa nasoma, miaka ya 90 katikati, maabara yetu ilikuwa na mashine za XT zilizoletwa kama msaada, wenzetu walishaachana nazo zamani. Mwalimu wetu akatuwekea Minix. Unaweka flopi ya kuwashia, unasubiri, unaweka ya pili, unasubiri, halafu inatokea ile login. Niliandika ls (amri ya kuorodhesha mafaili) nikaona majina yanajipanga nikajisikia nimeingia Bell Labs. Nilibadilisha mstari mmoja kwenye kodi ya kerneli, nikakompaili upya, nikaenda kula, nimerudi bado inakompaili. Ila ilipowaka na maneno yangu niliyoyaongeza kwenye skrini, jamani, mpaka leo sijapata furaha ile kwenye kazi.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi, tatizo la Unix kwenye PC halikuwa mashine, ni kwamba kodi ilifichwa. Kuanzia toleo la saba AT&T walikataza kufundishia kodi yao madarasani, ndo sababu Tanenbaum akaandika yake.

#28 SautiYaZiwa
Mwalimu na Linus naye alipita hapohapo. Januari 1991 alinunua 386 Helsinki akaiwekea Minix, akawa anaandika programu ya kupiga simu kwa modemu kuingia kompyuta ya chuo. Siku moja kwa bahati mbaya akaelekeza zile amri za kupiga simu kwenye diski badala ya modemu, zikaandikwa juu ya Minix yake ikaharibika. Badala ya kuirudisha akaamua kuhamia kwenye kitu chake alichokuwa anakijenga. Fikiria.

#29 Nahodha_K
Na alitumia 386 makusudi kwa ajili ya ulinzi na kurasa za memori. Narudi palepale nilipoanza post namba 3.

#30 BintiKerneli
Unarudi nusu. Kubadilishana kurasa na diski aliiongeza Krismasi ya 1991 kwa sababu kuna mtumiaji Ujerumani alikuwa na megabaiti 2 tu na alishindwa kukompaili kerneli. Yaani hata Linux ilisukumwa na mtu mwenye mashine dhaifu.

#31 Mwanagenzi_Tz
Sasa mtu kama mimi nikitaka kuiona hii kitu kwa macho, nafanyaje? XT sina.

#32 BintiKerneli
Pakua ELKS, ni kipande cha Linux kilichoandikwa kwa ajili ya 8086 na 8088, bado watu wanaiendeleza, unaiendesha ndani ya QEMU au 86Box (emyuleta, programu za kuigiza kompyuta nyingine) kwenye laptopu yako. Inaingia kwenye flopi moja. Ile hesabu ya segimenti niliyoeleza juu ndo inaitumia mpaka leo.

#33 Baiti_Kumi
Wakuu nimerudi na habari. Baada ya post ya BintiKerneli sikutaka emyuleta, nimemtafuta jamaa Moshi ana XT inakaa stoo toka zamani, akanikopesha. Siku ya kwanza pawa saplai ilitoa moshi, kapasita moja imepasuka, fundi wa redio kaibadilisha. Siku ya pili drivu ya flopi ilikuwa haisomi, nimesafisha kichwa kwa spiriti na pamba mara tatu. Leo saa tatu usiku imesoma ELKS, mlio wa drivu krrr krrr muda mrefu mpaka nikakata tamaa, halafu login. Nimeingia kama root (msimamizi), nimepiga ps (amri ya kuorodhesha kazi), kazi zimejipanga kwenye skrini ya kijani, prosesa ya megahezi 4.77. Yule dogo wa ofisini nimemtumia video, hajajibu.

#34 Nahodha_K
Hongera sana mkuu, kwa dhati. Sasa andika kiprogramu kinachovuruga rejista ya segimenti tuone inachukua sekunde ngapi kuanguka.

#35 Baiti_Kumi
Kesho. Leo naiacha kidogo niiangalie.

#36 Mzee_Terminali
Kijana kabla hujazima andika sync, imwage data kwenye diski. Usibonyeze swichi hivihivi, umeme wenu wa huko naujua.

#37 Baiti_Kumi
Nimeandika mara mbili mzee.